Jinsi ya kutumia kimo cha watu kuchunguza pengo la kiuchumi enzi za ukoloni: mwongozo kamili

Fikiria umekaa na fomu moja ya kuandikishwa askari wa King's African Rifles (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), tuseme ya 1940. Kuna jina, kabila, wilaya, umri umeandikwa 21 (nani alijua?), halafu kimo: futi 5 inchi 6 na nusu. Kipato cha baba yake hamna, ekari hamna, idadi ya ng'ombe hamna. Serikali ya kikoloni ilihesabu vibanda ili ipate kodi yake, aliyelala ndani ya kibanda anakula nini haikuwa shida yake sana, na Kenya yenyewe sensa ya kwanza iliyohesabu Waafrika wote ilikuja 1948. Kwa hiyo ile inchi 66 na nusu, yaani sentimita 168.9, ndo karibu rekodi pekee tuliyonayo ya jinsi huyo kijana alivyolelewa tangu tumboni, na ukipata wenzake elfu moja unaweza kuanza kuuliza nani alikuwa anashiba na nani alikuwa analala njaa.

Wanahistoria wa uchumi wanaifanya kazi hii tangu miaka ya 1970, watu kama Robert Fogel (aliyepata Nobel ya uchumi 1993), Richard Steckel na John Komlos. Mimi nitaelekeza kwa mfano wa Kenya maana ndo nyaraka ninazozielewa, ila hatua ni zile zile hata ukiwa na askari wa Gold Coast (Ghana ya leo) au vibarua wa Kihindi.

Kwanza elewa kimo kinasema nini

Mtu mmoja mmoja, urefu wake umeamuliwa zaidi na jeni. We ni mfupi kwa sababu mama yako mfupi, basi. Ila ukichukua wastani wa watu wengi wa jamii moja, jeni za jamii hazibadiliki ndani ya miaka ishirini, kwa hiyo wastani ukipanda au ukishuka ujue kuna kitu kimebadilika kwenye chakula, magonjwa au kazi za sulubu utotoni. Ndo maana kanuni ya kwanza ni kulinganisha jamii ile ile kwa nyakati tofauti, kabla hujaenda kulinganisha jamii moja na nyingine.

Mfano wa kujifunzia upo. 1931 John Gilks na John Boyd Orr walitoa ripoti ya kulinganisha Wamaasai na Wakikuyu, wakakuta wanaume wa Kimaasai wamewazidi wenzao kama inchi 5 kwa urefu na ratili 23 kwa uzito, wakasema ni maziwa, nyama na damu upande mmoja, nafaka na viazi upande wa pili. Chakula kina mchango wake, sikatai, lakini inchi 5 zote chakula? Jamii mbili zenye asili tofauti, zimepimwa kipindi kimoja, huwezi kujua kipande gani ni cha jeni na kipande gani ni cha sahani. Na swali la ardhi ya Wakikuyu iliyochukuliwa na walowezi Kiambu lilikaa pembeni kabisa.

Kitu cha pili, kimo cha mtu mzima hakisemi habari za mwaka aliopimwa. Kinasema zaidi habari za tumboni mpaka kama miaka mitatu, kisha tena kipindi cha kubalehe. Kijana aliyezaliwa 1919, mwaka wa njaa na mafua makubwa, halafu akajiunga na jeshi 1940, kimo chake ni stori ya 1919 hadi 1922 na ya katikati ya miaka ya 30. Kwa hiyo panga data kwa mwaka wa kuzaliwa, usipange kwa mwaka wa kuandikishwa. Hili kosa nimeliona hata kwa watu wenye shahada za juu.

Hatua ya 1: chagua swali dogo

"Ukoloni ulileta umaskini?" hilo ni swali la baraza la kahawa. Swali la kufanyia kazi ni kama hili: waliozaliwa wilaya zilizopoteza ardhi baada ya sheria ya ardhi ya 1915 walipitwa kimo na waliozaliwa wilaya za jirani ambazo hazikuguswa sana, ukilinganisha na hali ilivyokuwa kwa waliozaliwa kabla? Ona hapo kuna makundi mawili na vipindi viwili. Tofauti za asili za makundi zinajifuta zenyewe kwa sababu unaangalia pengo limebadilikaje, huangalii pengo lenyewe.

Halafu amua unataka pengo lipi. Kuna pengo kati ya makundi (wilaya na wilaya, mtoto wa karani na mtoto wa kibarua), na kuna pengo ndani ya kundi moja, yaani jinsi watu walivyotawanyika. Yanapimwa tofauti kabisa na la pili lina mitego mingi, tutafika.

Hatua ya 2: tafuta vyanzo

Jeshi ndo chanzo kikubwa. KAR iliundwa 1902 na ikaendelea mpaka uhuru, kwa hiyo ukihesabu nyuma unapata watu waliozaliwa toka miaka ya 1880. Ubaya wake ni wawili, wanaume tu, na kulikuwa na kima cha chini cha urefu.

Rejesta za jela ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mfungwa anapimwa ili akitoroka atambulike, hakuna anayekataliwa jela kwa ufupi, na enzi zile watu wa kawaida kabisa walikuwa wanafungwa kwa kushindwa kulipa kodi. Wanawake pia wanapatikana humo, japo wachache.

Vibarua wa mkataba kutoka India nao waliandikwa kimo kwenye hati zao za safari, wale wa Natal 1860 hadi 1911, Mauritius, Fiji. Ukitaka kusoma India chini ya Waingereza anzia hapo.

Halafu kuna njia ya uvivu ambayo naipenda: tafiti za DHS, yaani zile za kitaifa za idadi ya watu na afya. Mwanamke wa miaka 49 aliyepimwa Kenya 1993 alizaliwa 1943 au 1944, alikulia ukoloni mtupu. Data unajisajili unapakua bure. Tatizo duru za mwanzo mara nyingi zilipima akina mama wenye watoto wadogo tu, na wa umri huo wenye mtoto mdogo si wengi, kwa hiyo waliozaliwa miaka ya 40 wanakuwa kiduchu.

Nyaraka zenyewe, Nairobi nenda Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, Zanzibar nenda Kilimani, Dar kuna Nyaraka za Taifa, na London kuna Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, ambako barua za gavana wa Kenya na ofisi ya makoloni ziko kwenye mfululizo wa CO 533. Kew usitegemee kupata fomu za askari mmoja mmoja wa Kiafrika kirahisi, utakachopata zaidi ni ripoti za mwaka na majibizano, ambayo utayahitaji baadaye kujua masharti ya kuandikisha yalikuwa yapi. Kabla hujapiga picha uliza ruhusa, na majina ya watu usiyatoe nje, wape namba.

Hatua ya 3: kuingiza data bila kujiharibia

Hapa niliumia. Mara ya kwanza niliandika futi na inchi kwenye kisanduku kimoja cha Eksel, 5.6, 5.9, 5.10. Nikaendelea wiki mbili. Siku ya kuangalia nikakuta askari wa futi 5 inchi 10 wote wamegeuka 5.1, Eksel imekula ile sifuri, yaani mijitu mirefu ya sentimita 178 imekuwa watu wa sentimita 155. Nikajaribu 5-6, ikawa tarehe, Mei au Juni sikumbuki. Nilianza upya rejesta nzima.

Kwa hiyo safu ya futi peke yake, safu ya inchi peke yake, safu ya robo za inchi peke yake, kisha kompyuta ijumlishe na kuzidisha kwa 2.54. Weka safu ya namba ya faili na ukurasa ili uweze kurudi. Andika kilichoandikwa, usirekebishe ukiwa unaingiza, hata ukiona futi 4 na inchi 1 kwa askari. Marekebisho yana safu yake.

Kisha chora histogramu ya inchi, yaani mchoro wa nguzo unaoonyesha kila kimo kina watu wangapi. Ukiona 64, 65, 66 zimesimama kama nguzo na nusu inchi katikati ni mabonde, mpimaji alikuwa anakadiria namba nzima. Hilo lenyewe haliui utafiti, kukadiria kwenye inchi nzima kunaongeza mtawanyiko (jinsi vimo vinavyosambaa kuzunguka wastani) kidogo sana, kama sentimita 6.50 kwenda 6.54 hivi. Ila linasumbua sana kwenye mpaka wa kima cha chini, kwa hiyo liandike.

Hatua ya 4: umri wa kubuni

Umri kwenye fomu nyingi ni makadirio ya ofisa aliyemtazama mtu usoni. Utaona 20, 25, 30 zimejaa. Pima kwa kipimo cha Whipple: hesabu wenye umri unaoishia na 0 au 5 kati ya miaka 23 na 62, zidisha kwa 5, gawanya kwa wote walio kwenye umri huo, zidisha kwa 100. Ukipata 100 umri uko sawa, ukipata 500 kila mtu amekadiriwa. Jeshini watu wa zaidi ya 40 ni wachache, basi tumia 23 hadi 42, hesabu ni ile ile. Ikikaribia 300 achana na kuchora mstari wa mwaka kwa mwaka, kusanya waliozaliwa kwa muongo mmoja, 1900 hadi 1909, 1910 hadi 1919, na kadhalika. Waliokulia kwa shida huendelea kurefuka mpaka 22 au 23, kwa hiyo wa chini ya hapo ama uwatoe ama uwawekee kidhibiti cha umri kwenye rigresheni (hesabu ya takwimu inayotenganisha mchango wa kila kitu). Wa zaidi ya 50 wameanza kupungua, watoe.

Ukipata jina la rika la tohara kwenye karatasi za DC (mkuu wa wilaya), ni dhahabu, lakini kumbuka linakupa mwaka wa tohara, si wa kuzaliwa.

Hatua ya 5: ukuta wa kima cha chini

Hii ndo hatua inayoamua kama kazi yako ina maana, kwa hiyo tulia hapa.

Jeshi likisema chini ya futi 5 inchi 4 hatuchukui, waliokuwa wafupi hawapo kwenye rejesta. Na wafupi ndo hasa waliokulia njaa. Yaani wale unaowatafuta ndo walioachwa nje ya geti, halafu we unakaa unapima pengo kwa kutumia walioingia.

Tufanye hesabu ya mfano, namba za kutunga. Wilaya A wastani wa kweli ni sentimita 166, mkengeuko sanifu (ule mtawanyiko) ni 6.5. Ukuta uko sentimita 162.56. Karibu asilimia 30 wanakatwa. Waliobaki wastani wao unasoma 169.2 na mtawanyiko umeshuka kutoka 6.5 hadi 4.6. Wilaya B ina hali mbaya zaidi, wastani wa kweli 163, mtawanyiko ule ule. Karibu nusu wanakatwa, waliobaki wanasoma 167.9. Umeona? Pengo la kweli kati ya A na B ni sentimita 3, kwenye rejesta limebaki 1.3. Hakuna aliyedanganya, kila askari kapimwa vizuri, lakini zaidi ya nusu ya pengo imepotea.

Dawa yake ni rigresheni iliyokatwa, kwenye programu ya takwimu ya R kuna kifurushi cha truncreg, na Stata, programu nyingine, ina amri ya jina hilo hilo. Unaiambia ukuta uko wapi, yenyewe inakisia mkia uliokatwa kwa kudhani vimo vimekaa kama kengele. Mambo ya kuzingatia:

Ukuta utafute kwenye histogramu, usiamini kanuni peke yake. Kanuni inaweza kusema 64 na ukaona safu zinaporomoka ghafla kwenye 63, maana ofisa alihitaji watu. Na wakati wa vita masharti yalilegezwa, kwa hiyo tafuta ukuta wa kila kipindi. Ukikuta kuta tatu, tumia ulio juu kuliko zote kwa data yote, utapoteza watu ila utalala usingizi.

Waliopenya chini ya ukuta watoe, hata kama inauma.

Kama mpimaji alikuwa anakadiria inchi nzima, aliyeandikwa 64 anaweza kuwa 63 na nusu ya kweli, basi ukuta uweke 63.5 badala ya 64.

Sasa kuna mtego ambao wengi wanapita juu yake. Ile rigresheni ikiwa na watu wachache inayumba, kwa hiyo wataalamu wengine wanaifunga: wanaiambia mtawanyiko ni sentimita 6.86 kama ilivyozoeleka kwa wanaume wa leo, tafuta wastani tu. Kwa kutafuta wastani ni sawa kabisa, inatulia. Lakini ukishaufunga mtawanyiko huwezi tena kuutumia kupima pengo ndani ya kundi, manake umeshaamua mwenyewe jibu ni ngapi! Nimesoma rasimu ya mtu amefunga 6.86 ukurasa wa nane, halafu ukurasa wa kumi na tano anashangaa mbona pengo halijabadilika kwa miaka hamsini.

Hatua ya 6: kutoka mtawanyiko kwenda Gini

Kuna fomula maarufu ya Alexander Moradi na Joerg Baten. Chukua mtawanyiko, gawanya kwa wastani, zidisha kwa 100, upate asilimia ya mtawanyiko. Kisha Gini ya kipato (kipimo cha pengo, 0 ni usawa kamili, 100 mtu mmoja kachukua vyote) ni takriban hiyo asilimia mara 20.5, toa 33.5. Wazo ni kwamba kipato kikigawanywa vibaya, watoto wa matajiri wanarefuka na wa maskini wanadumaa, basi vimo vinatawanyika.

Rudi wilaya A. Mtawanyiko wa kweli, 6.5 kwa 166, ni asilimia 3.92, Gini inatoka karibu 47, nchi yenye pengo kubwa. Tumia namba za rejesta bila kurekebisha, 4.6 kwa 169.2, inatoka 2.7, Gini 22. Ishirini na mbili! Koloni la walowezi limegeuka kuwa na usawa kuliko Sweden. Ukiona makala yenye data ya jeshi na Gini ya namna hiyo, funga.

Na idadi ya watu nayo. Ukiwa na watu 100 kwa muongo, Gini yako ina kosa la kama pointi 11 kila upande, haifai kitu. Ukifika 800 kosa linashuka mpaka kama 4. Chini ya hapo achana na Gini, baki na wastani wa makundi, ambao hauhitaji watu wengi hivyo. Data ya jela ndo mahali fomula hii inapumua kidogo kwa sababu haina ukuta.

Hatua ya 7: nani mwingine hayupo

Ukuta ni namna moja tu ya kukosekana. Waingereza walikuwa na imani ya "makabila ya kivita", Kenya wakawapendelea Wakamba na Wakalenjin, kwa hiyo kabila moja rejesta imejaa na jingine kuna watu kumi. Halafu kuna soko la kazi: mshahara wa mjini au wa shambani ukipanda, vijana wenye afya wanaenda huko, jeshi linabaki na waliokosa, kimo cha askari kinashuka wakati kimo cha wananchi hakijaguswa. Mwaka 2017 Howard Bodenhorn, Timothy Guinnane na Thomas Mroz waliandika kwamba hata ile stori ya Wazungu kufupika wakati wa viwanda vinachipuka huenda sehemu yake ni hii tu. Njia ya kujikagua: chukua waliozaliwa muongo mmoja, wagawe kwa mwaka walioandikishwa. Kama waliozaliwa 1910 hadi 1919 wanasoma urefu tofauti kwa kuandikishwa 1935 na kwa kuandikishwa 1941, watu hawakurefuka wakiwa na miaka 25, kilichobadilika ni nani aliingia getini.

Na kuna waliokufa. Vifo vya watoto vikiwa vingi, wadhaifu hawafiki umri wa kupimwa, na waliobaki wanaweza kuonekana warefu kuliko shida waliyopitia.

Hatua ya 8: kusoma jibu bila kumtetea mtu

Moradi alipofanya kazi hii kwa Kenya alikuta hali ya lishe na afya, ukiitazama kwa vimo, iliboreka kipindi cha ukoloni. Watu wakisikia hivyo wanagawanyika, mmoja anafurahi mwingine anatukana. Wote tulieni, angalieni mstari unaanzia wapi. Miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe, halafu 1897 hadi 1900 ikaja njaa kubwa na ndui. Ukianzia kwa watoto waliozaliwa hapo, karibu kila kinachofuata kitaonekana maendeleo, awe anatawala nani. Ukiweza rudisha mstari nyuma hadi waliozaliwa 1880, na onyesha picha mbili, moja inaanzia 1880 na nyingine 1898, msomaji aone mwenyewe.

Pili, wastani wa nchi kupanda haumaanishi kila mtu alipanda. Toa wastani wa wilaya moja moja. Weka tarehe za matukio chini ya mchoro: kodi ya kibanda 1901, sheria ya ardhi 1915, njaa na mafua 1918 na 1919, nzige kuanzia 1928, Wakamba kupunguziwa mifugo kwa nguvu 1938. Halafu soma kwa umri, maana wa kuumizwa na 1938 ni waliokuwa wachanga au wanabalehe mwaka huo, si waliokuwa askari tayari.

Jambo la mwisho, kabla hujafunga faili tafuta idadi ya waliokataliwa. Ripoti za mwaka za madaktari na jeshi mara nyingine zinataja wangapi walikuja na wangapi walirudishwa nyumbani, pengine kwa wilaya. Iweke hiyo namba kwenye jedwali, safu ya jirani na wastani. Kama rigresheni yako inasema wilaya B ilipaswa kukatwa nusu, na ripoti inasema walirudishwa wawili kati ya kumi, kuna kitu umekosea kwenye ukuta, rudi hatua ya tano.